Pumzi za mdogo wetu

Mei 2015 tulikuwa Kagunga, tumetoka Burundi, tumejazana ufukweni tukisubiri meli ya kwenda Kigoma. Kipindupindu kikaingia. Mdogo wetu akaharisha usiku kucha, halafu akaanza kuhema haraka na kwa nguvu, kama katoka kukimbia. Tukadhani ni kifua, tukangoja kukuche.

Kumbe siyo kifua. Miaka baadaye, darasani, ndo tukaelewa. Damu inatakiwa ibaki kwenye pH 7.35 hadi 7.45. Kuharisha kunamwaga bikaboneti, ile inayopunguza makali ya asidi. Figo nazo hutoa asidi kwa mkojo, ila maji yakiisha mwilini mkojo unakauka. Basi mzigo unabaki kwa mapafu: yanahema ili kutoa kaboni dioksidi, asidi ipungue. Mtoto alikuwa anapigana peke yake, sisi tumekaa pembeni.

Alipona, kwa dripu kisha ORS. Ule unga una chumvi, sukari, potasiamu, na sitrati ambayo mwili huigeuza kuwa bikaboneti.

Kwa hiyo jamani, mtoto anayeharisha akianza kuhema hivyo, msingoje kukuche. Mpelekeni kliniki usiku huohuo, mkimnywesha ORS njiani. Sisi tulingoja, na bado inatuuma.