Fundi wa Kufungua Nyumba

Nilijifunza ufundi enzi ambazo bati lilipatikana kwa kibali. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni hakuna, na mtu wa hapa kwetu Janga aliyetaka kuezeka alizunguka maofisini mpaka soli zikaisha. Mzee aliyenifundisha, mwenyeji wa Maneromango kule Kisarawe, hakusubiri kibali. Alitafuta nyumba zilizochoka, akapatana na wenyewe, kisha tukazifungua kipande kwa kipande, tukianza na kofia ya paa na kumalizia na mawe ya msingi. Kubomoa aliwaachia mvua na mchwa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa misumari. Msumari wenye kutu hautaki ubabe. Unaugonga ncha kwa upande wa nyuma mpaka kichwa kitokeze, unapitisha kucha za nyundo, unaweka kibao chini ili ubao usichubuke, halafu unavuta taratibu kwa kufuata njia uliyoingilia. Mninga ukiachia msumari hulia, na harufu yake hutoka upya kama umepasuliwa jana. Msumari nao tuliunyoosha juu ya kipande cha reli, tukautia koponi. Hakuna aliyetuambia kwamba tunatunza mazingira. Tulikuwa tunatunza msumari kwa sababu dukani haupo.

Uhaba ulipokwisha, mafundi wenzangu wengi waliacha. Mimi niliendelea, na sababu ni mbao. Siku hizi kenchi na papi tunazonunua nyingi ni za paina, za mashamba kama Sao Hill. Paina iliyotiwa dawa ni mbao nzuri, lakini isiyotiwa, mchwa wa huku kwetu hawaichelewi. Sasa chukua fremu ya mkongo iliyokaa mlangoni tangu kabla ya Uhuru, uipige randa: chini ya rangi na masizi utakuta mti mzima, mwekundu, mgumu kama siku ulipokatwa. Mkongo haukui kwa miaka kumi wala ishirini. Na kule Kisarawe, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imeumizwa vibaya na mkaa unaokwenda Dar es Salaam. Fremu kama ile kuishia kuni ni jambo linaloniuma mpaka leo.

Mwaka 1977, alipolipima Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, Mwalimu Nyerere aliwasema watu kwa kung'ang'ania saruji na bati huku wakidharau vigae na matofali ya kuchoma. Naamini alikuwa na haki, nami nina sababu ya kifundi ya kuongezea: saruji haiachii. Tofali lililojengewa udongo au chokaa unalibandua kwa tindo, unalikwangua, linakwenda ukuta mwingine. Lililojengewa saruji kali hupasuka lenyewe kabla kiungo hakijaachia, na unachobaki nacho ni kifusi cha kufukia mashimo ya barabara. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya nguzo na fito zilizofungwa kwa kamba, ikakandikwa udongo na kuezekwa makuti. Ilipochoka, nguzo nzima zilihamia nyumba mpya, makuti yakawashia moto, na udongo ukamwagiwa maji ukakandwa upya. Hakuna kilichotupwa.

Mwaka 2017 vifaa vilifurika. Nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, ziliondolewa kupisha upanuzi wa barabara ambayo sasa ina njia nane mpaka Kibaha. Hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati, kila upande. Watu wengi waliezua wenyewe kabla tingatinga halijafika, na kandokando ya lami kukawa na malundo ya bati, madirisha, milango na masinki. Kununua mahali kama pale kunahitaji adabu. Nilinunua kwa bei niliyoweza kuitamka mbele ya mwenye nyumba bila kuinamisha macho. Pale Mbezi mama mmoja alishika mlango wa mninga, hakutaka kuuachia.

"Nakuomba, fundi, mlango huu usiishie jikoni kwa mtu."

"Hautaishia huko, mama."

Leo uko kwenye nyumba ya mwalimu hapa Janga, na komeo lake ni lilelile.

Kuna vitu sivigusi. Paa la asbestosi likivunjwa vumbi lake linaua mapafu, hata wanipe bure. Nondo iliyopindwa ikanyooshwa siitii kwenye nguzo wala lenta. Hiyo iende kwenye viwanda vinavyoyeyusha chuma chakavu. Grili nzima ya dirisha, hata hivyo, siwapi watu wa chuma chakavu. Kuyeyusha kitu kinachofaa jinsi kilivyo ni kuchoma moto wa bure.

Bati kuukuu la geji 28 nalipenda kuliko jipya jembamba. Matundu ya misumari, kama fundi wa kwanza alijua kazi, yako juu ya migongo, si kwenye mabonde yanakopita maji, kwa hiyo nalipanga ili matundu yafunikwe na bati la pili. Yanayobaki naziba kwa lami na kitambaa, lakini bati la namna hiyo halipeleki maji kwenye tangi la kunywa. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba, masika ikinyesha milimita 300, ni lita 18,000 ukiwa na pa kuzihifadhi. Mvua ya kwanza namwaga, inaosha vumbi na mavi ya ndege. Inayofuata hutubeba kiangazi, ikikutana na ya vuli.

Jikoni, mke wangu hupikia vumbi la mbao kutoka bandani. Unachukua debe lenye tundu chini ubavuni, unasimamisha chupa katikati, unapitisha kijiti tunduni mpaka kiiguse, unashindilia vumbi mpaka juu, kisha unachomoa kijiti na chupa taratibu. Moto hupanda katika ule mwanya, na sufuria ya maharage huiva bila kuongezewa kitu.

Mteja akija na ramani, namwomba mambo mawili kabla hatujazungumza bei: kenchi zifungwe kwa boliti, na kuta za ndani zisizobeba paa zijengewe udongo uliochanganywa na chokaa. Wengine hukataa, wanaogopa kuonekana masikini. Wanaokubali zaidi ni vijana wanaonunua viwanja Mlandizi na Soga tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024. Hao nawapunguzia ujira, na nawaachia spana.