Uji wa Mtoto Huanzia Shambani

Akina mama wenzangu, yakitajwa maneno sayansi na teknolojia katika kilimo, wengi wetu hufikiria matrekta yanayojiendesha yenyewe huko Ulaya na Marekani, au vile vindege visivyo na rubani vinavyonyunyiza dawa juu ya mashamba ya mpunga. Hayo yapo, na wanangu hupenda kuyatazama kwenye simu. Lakini mimi ni muuguzi. Nafanya kazi katika kliniki ya mama na mtoto hapa mkoani Dodoma, na kila siku napima watoto uzito na urefu. Kwa hiyo swali langu kuhusu kilimo cha kesho ni dogo tu: kile kitakachovunwa, mtoto wa miezi tisa akikila, kitamjenga au kitamdhuru?

Leo napenda tuzungumze juu ya sumukuvu. Ni sumu itokanayo na ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na mazao mengine. Haina harufu wala ladha, na kuchemsha uji hata saa nzima hakuiondoi. Ukungu wenyewe wakati mwingine huonekana, kijani kibichi au manjano, lakini punje yaweza kuonekana safi machoni na bado ikawa na sumu ndani yake.

Wataalamu waliigundua kwa njia ya ajabu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ghafla, na hakuna aliyejua sababu. Walipochunguza chakula chao wakakuta mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili yakiwa na ukungu uitwao Aspergillus flavus. Leo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka sumu hiyo katika kundi la kwanza la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Kiungo kinachoshambuliwa zaidi ni ini.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya bata wa Uingereza tu. Mwaka 2004 majirani zetu wa Kenya, katika sehemu za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, waliugua watu 317 na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ikafika kwetu. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wengi wao wakiwa watoto, na 20 wakafariki. Walitapika, wakaumwa tumbo, tumbo likavimba na macho yakageuka manjano. Ninyi mnaoishi Chemba, Kondoa na Kiteto mnaukumbuka mwaka ule.

Vifo vya namna hiyo hutikisa nchi kwa wiki chache, kisha husahaulika. Kinachonisumbua zaidi mimi ni sumu kidogo kidogo ya kila siku, ambayo haimwangushi mtu. Watafiti waliopima damu ya watoto 480 huko Benin na Togo, matokeo yao yakatangazwa mwaka 2002, waliikuta sumukuvu katika watoto 99 kwa kila 100. Tena watoto waliokuwa nayo kwa wingi ndio waliokuwa wafupi na wepesi kuliko umri wao. Na waliokwisha kuachishwa ziwa walikuwa na sumu mara mbili hivi ya wale waliokuwa bado wananyonya. Mama atashangaa: mtoto alikuwa anakua vizuri, akaanza uji, akasimama. Udumavu una sababu nyingi, kama kuhara, malaria na chakula kisichotosha, wala si haki kuitupia sumukuvu lawama zote. Lakini imo.

Tena iko habari ya homa ya ini aina ya B. Mtu mwenye virusi hivyo akila sumukuvu kwa muda mrefu, hatari ya saratani ya ini huwa kubwa mara 30 hivi kuliko kwa asiye navyo. Ndiyo maana chanjo ile ya watoto iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2002, ambayo siku hizi imo ndani ya sindano moja na chanjo nyingine nne, mimi naihesabu pia kuwa sehemu ya ulinzi wa mlaji wa mahindi. Usikose tarehe ya kliniki.

Sasa msomaji utauliza: nyie wauguzi si ndio mnaotuambia tuchanganye karanga kwenye uji wa mtoto? Ndiyo, na ushauri huo ni sahihi. Uji wa mahindi matupu hauna nguvu ya kumkuza mtoto. Jambo la kuongeza ni kwamba karanga ziwe zimekaushwa vizuri na kuchambuliwa, punje moja moja, na ule unga wa lishe usisagwe wa kukaa miezi mingi. Na maziwa ya mama yaendelee. Ni kweli sumu kidogo hupita kwenye maziwa ya mama aliyeila, lakini hakuna chakula kingine kinachomfaa mtoto kuliko hayo, na miezi sita ya kwanza asipewe kitu kingine chochote. Njia ya kumlinda ni kukisafisha chakula cha mama.

Turudi shambani, kwa sababu huko ndiko sayansi imepiga hatua ambayo wengi hatujaisikia. Ukungu huu huishi udongoni. Mimea ikipata ukame na joto kali, ikachoka, ukungu huiingia ikiwa bado imesimama. Kwa hiyo hata mama msafi kiasi gani aweza kuvuna mahindi ambayo tayari yana sumu, na miaka hii ya mvua chache na jua kali haitusaidii. Wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, wakishirikiana na wenzao wa wizara ya kilimo ya Marekani, waliona kwamba miongoni mwa ukungu huo huo wa udongoni wako ndugu ambao kwa asili yao hawawezi kutengeneza sumu. Wakawachagua hao, katika kila nchi wakichukua wa nchi hiyo hiyo, wakawapaka kwenye punje za mtama uliokaangwa ili usiote. Dawa hiyo huitwa Aflasafe. Ilisajiliwa Nigeria mwaka 2014, Kenya 2015, na kwetu Tanzania 2018. Mkulima humwaga kilo nne kwa ekari moja, kwa mkono kama anayelisha kuku, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua, ardhi ikiwa na unyevu. Sumu hupungua kwa asilimia 80 na zaidi.

Nilipomweleza mama mkwe wangu alinitazama sana. "Mwanangu, yaani tununue ukungu kwa fedha tukaumwage shambani?" Nikamwambia, "Mama, ni kama kanisani siku ya Krismasi. Waliowahi wakikalia mabenchi yote, wanaokuja nyuma husimama nje." Ukungu usio na sumu ukiwahi kuikalia mimea, ule wa sumu hukosa nafasi. Alicheka, akasema basi wawahi kweli kweli, maana wa kwetu huamka mapema.

Baba watoto yeye alitaka hesabu. Swali lake lilikuwa moja: mnunuzi atanilipa zaidi? Hapa lazima tuseme ukweli. Mlanguzi anayekuja na lori kijijini haulizi habari za sumukuvu. Hununua gunia safi na gunia chafu kwa bei moja. Na Februari, ambapo dawa hiyo hutakiwa shambani, ndiyo miezi ambayo kwetu chakula kinakaribia kwisha na fedha ya mkononi ni ya kununulia unga. Wataalamu wametimiza sehemu yao. Palipobaki pagumu ni sokoni, na sioni kwa nini mzigo wote umwangukie mkulima mdogo, wakati faida inamwendea mlaji wa mjini. Itakuja kutugharimu sote. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kuingia kwao kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, lakini ujumbe ulisikika.

Pale nyumbani tumekubaliana kujaribu ekari moja, ile ya chakula chetu wenyewe, si ya kuuza. Huo nao ni uamuzi.

Baada ya kuvuna kazi huwa yetu akina mama, na hapa teknolojia ni rahisi zaidi. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, yasilale chini kwenye udongo. Yawe makavu hadi unyevu usizidi asilimia 13 na nusu; karanga asilimia 7. Vipo vipimo vya unyevu vya kushika mkononi, lakini kwa asiye navyo liko jaribio la chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi kiasi cha theluthi na vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili au tatu, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Isipoganda, yamekaribia, wengine tunaongeza siku nyingine ya jua kwa usalama. Nimewaonyesha akina mama jaribio hili baada ya ibada, na watoto ndio waliolipenda zaidi. Nadhani chumvi nyingi iliishia midomoni.

Kuhifadhi nako kumebadilika. Iko mifuko isiyopitisha hewa, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walipokuwa wakiwasaidia wakulima wa kunde wa Kamerun miaka ya 1980. Ndani kuna mifuko miwili ya nailoni nzito, nje sandarusi ya kawaida. Ukiifunga sawasawa, wadudu humaliza hewa iliyomo na kufa, bila dawa ya unga. Kwa mama aliyezoea kuchanganya dawa ya wadudu na mahindi ya watoto, hiyo peke yake ni faraja. Bei yake ni mara kadhaa ya sandarusi, lakini mfuko ukitunzwa usitobolewe hutumika zaidi ya msimu mmoja. Tahadhari ni kwamba hauondoi sumu iliyokwisha kuingia, na mahindi mabichi yakifungiwa humo yataoza.

Kuhusu karanga nina neno kwa wenzangu. Tunayo desturi ya kuzilowesha kidogo kabla ya kumenya, ili ganda lilainike na vidole visiume. Najua vidole vinauma. Gunia zima la karanga si mchezo. Lakini maji yale ndiyo chakula cha ukungu. Ziko mashine za mkono za kumenyea, za kuzungusha au kusukuma, ambazo fundi yeyote mzuri wa kuchomelea aweza kuiga. Kikundi chetu cha akina mama kimechanga kupitia kikoba na kununua moja. Huzunguka nyumba hadi nyumba, na ratiba yake hugombewa kuliko zamu ya kupamba altare.

Vipimo vya sumu yenyewe navyo vimesogea karibu. Zamani sampuli ilipelekwa maabara tu. Siku hizi kuna vijikaratasi vinavyofanana sana na kile kipimo chetu cha malaria, unachovya na mstari unatokea. Ila sumukuvu haiendi sawa kama chumvi kwenye mboga. Punje moja kati ya maelfu yaweza kubeba sumu nyingi na jirani zake zikawa safi. Ukichota kiganja kimoja juu ya gunia utadanganyika. Lazima uchote sehemu nyingi, uchanganye, usage, ndipo upime. Viwanda vikubwa vina mashine zenye kamera zinazotambua punje mbovu kwa rangi na kuipuliza nje kwa upepo. Sisi tuna ungo na macho yetu, na niseme kwamba macho ya wanawake wanane wakipiga soga chini ya mwembe si haba. Ukiondoa zilizovunjika, zilizonyauka na zilizobadilika rangi, sehemu kubwa ya sumu huwa umeiondoa.

Taabu huanza baada ya kuchambua. Zile mbovu ziende wapi? Desturi ni kutotupa chakula. Nyingine huenda kwa kuku, nyingine kwenye pombe, nyingine husagwa za kuungia mboga, kwa kuwa zikisagwa hazitambulikani. Lakini ng'ombe akila sumu hiyo huitoa kwenye maziwa, na kuku naye hudhurika. Ikirudi mezani kwa mlango wa nyuma, kazi yote ya ungo imekuwa bure.

Mwezi uliopita tulichambua karanga za uji wa watoto wa shule yetu ya Jumapili. Mbovu zilijaza debe zima. Tukachimba shimo nyuma ya ukumbi. Kabla hatujafukia, mama mmoja mzee, mjane anayelea wajukuu watatu, akanivuta pembeni na kuniuliza taratibu kama hawezi kupewa nusu tu, akakamue mafuta. Nilimweleza habari ya ini na ya sumu inayobaki kwenye mafuta ya kukamua nyumbani. Akanisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kulitazama lile debe. Tukapima kilo mbili kutoka kwenye karanga safi tukampa, na tukafukia zile nyingine.