Mti Ukawa wa Mwenye Petroli

Kabla injini haijafika, mbao za Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo iliyoitwa Zaire wakati huo, zilipasuliwa kwa mikono ya watu wawili. Gogo lilipandishwa juu ya jukwaa la miti. Mmoja akasimama juu kuongoza msumeno kwenye mstari, mwenzake akavuta kutoka chini, unga wa mbao ukimmiminikia machoni. Mjomba wangu alikuwa mtu wa juu. Mimi, nikiwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilikuwa mtu wa chini. Mvule mmoja mkubwa ulituweka porini kwa majuma. Mgao ulijulikana: fungu la mwenye shamba ambamo mti ulisimama, fungu la mtu wa juu, fungu la mtu wa chini.

Kisha mfanyabiashara mmoja akaleta msumeno wa injini. Petroli ilikuja kwa treni hadi stesheni ya Samba, ikavushwa Lualaba. Ilipokosekana huko, ilitafutwa upande wa Ziwa Tanganyika. Mafuta ya kulainisha mnyororo hayakupatikana, tukatia mawese, na pori zima likanuka kama jikoni.

Kulipasua gogo kwa urefu ni kazi tofauti na kuuangusha mti. Meno yaliyonolewa kwa kukata mti kwa upana huchemka na kukwama yakifuata nyuzi za mbao, kwa hiyo tulijifunza kuyapiga tupa upya, karibu digrii 10 badala ya 30. Uzi tuliuchovya kwenye unga mweusi wa betri kuukuu, tukaukaza toka ncha hadi ncha, tukauachia upige mstari. Nyuma ya msumeno tulipachika kabari ili gogo lisiubane. Mvule nao una siri yake: ndani huficha chokaa iliyoganda ikawa jiwe, na mnyororo ukiligusa, meno yote hulala. Unga wake huwasha ngozi na kubana kifua. Hata hivyo, kipande kipya cha mvule kilipofunguka, rangi ya manjano ikianza kugeuka kahawia juani, mjomba alipitisha kiganja juu yake taratibu. Alitamani uzuri ule uwe umetoka mkononi mwake.

Injini ilimaliza kwa siku mbili kazi ya majuma, lakini ilikula. Msumeno wa mkono hupoteza milimita 3 au 4 kwa kila mpasuo. Mnyororo hupoteza hadi 10. Gogo likipasuliwa mara kumi, sentimita 10 zimekuwa unga: mbao mbili nene zimeachwa chini.

Kilichoumiza zaidi ni mgao. Mtu wa chini hakuhitajika tena, na fungu lake likafutika. Mwenye mashine alitoa kwanza gharama ya petroli, kisha sehemu yake, na mwenye shamba akabakiwa na vipande vya pembeni. Wakati huo pesa ya Zaire ilikuwa ikiyeyuka. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Sote tulitaka kulipwa kwa mbao, maana mbao haikushuka thamani usiku. Mjomba aliniambia, “Baba, kuanzia sasa mti ni wa mwenye petroli.”

Vita vya 1996 na 1998 vilitutawanya. Tuliporudi, misumeno iliongezeka, na mivule ya kando ya barabara ya Kabambare ikapungua mbele ya macho yetu. Sheria ya misitu ya Agosti 2002 inasema msitu ni mali ya Serikali na mkataji awe na kibali. Kibali peke yake hakioteshi mti.

Mvule una dume na jike. Jike ndilo huzaa matunda laini, na popo ndio huyala na kutawanya mbegu. Mpasuaji hutafuta shina nene na nyoofu, basi. Akiyamaliza majike ya bonde moja, madume yaliyobaki hayatazaa kitu.

Tangu Agosti 2014 kuna amri inayoruhusu jamii ya kijiji kuomba msitu wake, hadi hekta 50,000. Nawasihi wazee wa Kasongo na Kabambare waitumie, na katika kanuni zao waandike mambo mawili: fungu la mwenye ardhi lihesabiwe kabla ya petroli, na kila bonde libaki na majike yenye matunda, yasiyoguswa na mtu yeyote, hata akiwa na kibali mkononi.