Matope Mlangoni

Mwaka ule tulipohamia katika nyumba yetu mpya hapa Mlimba, mama yangu aliacha kupita mlango wa mbele, nami sikutambua hata masika yakakaribia kwisha. Naliandika jambo hili mwanzo, ndugu msomaji, kwa sababu ningeanza na habari za vigingi, benchi na mteremko wa maji, ungedhani nazungumzia mapambo ya nyumba tu. Mapambo yamo, wala sioni haya kuyapenda. Lakini kibaraza changu kilizaliwa na aibu.

Nyumba yenyewe niliijenga kwa miaka minne, kama watumishi wengi wa mshahara mdogo wajengavyo: mwaka huu msingi, mwaka ujao tofali, halafu bati, halafu unakaa unangoja pesa ya milango. Tulihamia mwishoni mwa mwaka 1994. Ilikuwa na kuta za tofali za kuchoma, na sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu, ambayo mke wangu aliing'arisha kila Jumamosi kwa nta na kitambaa kikuukuu mpaka ukaweza kuona taa ya kandili ikiwaka ndani yake. Ramani niliinakili kutoka nyumba niliyowahi kupanga Dar es Salaam. Ukifungua mlango wa mbele, hatua ya kwanza ilikutia sebuleni, juu ya ule wekundu, mbele ya makochi yenye vitambaa vya kufuma. Dar es Salaam, penye mchanga, ramani ile ilifaa. Fundi aliniambia kwamba hapa haitafaa. Nilimwona mshamba.

Asiyeijua Mlimba nimweleze kidogo. Tuko upande wa kusini-magharibi wa bonde la Kilombero, kwenye reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975. Ikishatoka kituoni kwetu, treni huanza kuipanda milima kuelekea Makambako, kwa madaraja na mahandaki. Maji nayo husafiri kinyume chake: hushuka kutoka milimani, yakatulia kwetu bondeni. Ndiyo maana tuna mpunga, na ndiyo maana tuna matope. Liko tope jekundu la vilimani, ambalo likikauka hupukutika, ukalifagia likaisha. Tope la mbugani ni jingine. Ni jeusi, linanata kama ugali wa muhogo, linaingia katikati ya vidole, linapanda mpaka magotini, linajaa chini ya madigadi ya baiskeli hata ukaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba. Tangu mvua za Desemba mpaka mpunga unapokaribia kuvunwa, kila aingiaye katika nyumba zetu huingia nalo.

Wala haliji peke yake. Mfikirie mtu wa kwetu anayerudi shambani jioni mwezi wa Machi. Ana jembe begani, panga mkononi, kapu la mboga kichwani, khanga imelowa, pengine na mtoto mgongoni. Vitu hivyo vyote vinatafuta pa kukaa kabla mwenyewe hajatafuta pa kukaa. Nyumba ya mama ilikuwa na jibu. Ilikuwa ya miti na udongo, na paa lake la nyasi lilishuka mbele hata mtu mzima akainama kuingia. Chini ya upenu ule palikuwa na gogo la kukalia, mtungi wa maji, kata, na miti iliyochomekwa ukutani ya kutundikia majembe. Matope mengi yaliishia hapo, na yale yaliyopita yakaingia ndani yalikuta sakafu ya udongo, yakawa yamefika kwa ndugu zao. Nyumba yangu ya tofali na bati haikuwa na jibu lolote.

Jioni moja ya Aprili mvua ilikuwa imeshika, nami nimekaa sebuleni na wageni wawili wa kutoka kazini. Nikasikia hodi, lakini ilitoka uani. Alikuwa mama, amekuja na matembele na kambale wawili waliofungwa kwa ukambaa. Wageni wakapaza sauti, "Shikamoo, mama!" Akaitikia, "Marahaba, wanangu," bila kujitokeza. Binti yangu mdogo, ambaye ulimi wake haukujua kungoja, akamwuliza kule jikoni, "Bibi, mbona siku hizi hupiti mbele?"

"Mlango ule ni wa wageni, mjukuu wangu," mama akasema. "Mimi miguu yangu ni ya shamba."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Usiku nilimwuliza mke wangu kama ni yeye aliyemkataza. Nilitaka awe yeye. Ingekuwa nafuu kwangu. Alinyamaza kidogo, kisha akanikumbusha. Wiki ya kwanza baada ya kuhamia, mama alikuja akasimama mlangoni, mguu mmoja umeshavuka kizingiti, nami nimekaa na gazeti, nikapiga kelele: "Matope hayo! Sakafu!" Nilikuwa nawaambia watoto, waliokuwa wakikimbia kutoka nje nyuma yake. Ndivyo nilivyojitetea usiku ule, na nadhani ni kweli. Lakini mama hakungoja kujua ni nani anayeambiwa. Aliurudisha mguu.

Kwetu mlangoni ni mahali pa adabu. Mtu hupiga hodi hata mara tatu, na asipojibiwa huenda zake bila kinyongo. Akijibiwa "karibu", basi nyumba imemfungukia. Sasa mtu anayeambiwa karibu kwa mdomo, halafu akaitazama sakafu na kuona inamkataa, ameambiwa maneno mawili kwa pamoja, na atakalolisikia ni lile la pili.

Nikaanza kuangalia milango ya watu, kama mwenye njaa anavyoangalia sahani za wenzake. Ifakara mjini nilizitazama upya nyumba za Kiswahili nilizozipita miaka yote: baraza mbele, kisha ukumbi mrefu wa katikati wenye vyumba huku na huku, mpaka uani. Baraza inampokea mtu kabla nyumba haijampokea. Hapo anakaa, anapumua, anaeleza shida yake, na pengine shida inakwisha bila yeye kuvuka kizingiti. Katika majumba ya kale ya mawe ya Lamu mpango huo ulikuwa mzito zaidi: kwanza daka, yaani ukumbi mdogo wa nje wenye viti vya mawe kwa pande mbili, kisha ndani ya mlango kuna tekani, na njia inapinda ili wa nje asiwaone wa uani. Wajapani nao wana mahali pa kuingilia waitapo genkan, palipo chini kuliko sakafu ya ndani. Viatu vinaishia hapo, na mtu hupanda ndani bila viatu. Hilo la kupanda nililipenda.

Lakini kilichonifungua macho zaidi ni Kilwa. Mwaka 1995 nilitumwa kikazi upande ule, nikapata nafasi ya kuvuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Katika magofu ya Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11, nilionyeshwa mahali pa kutawadhia, na hapo chini mawe ya mviringo yaliyotokeza kama migongo ya kobe. Waumini waliyatumia kusugulia miguu baada ya kuiosha. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mbele ya nguzo na makuba. Watu wale walishika biashara ya dhahabu ya Sofala, walikula katika sahani za kutoka Uchina, na bado mtu fulani alikaa akawaza nyayo za mwenzake zitakanyaga wapi.

Nilirudi nikamwita yule fundi niliyemwona mshamba. Hakunicheka mbele yangu. Tulipima mbele ya mlango mita 3 kwa mita 2 na nusu, tukasogeza bati lifunike eneo lote na kuzidi kidogo, kwa sababu mvua ya huku haidondoki wima. Sakafu ya kibaraza tuliiweka chini ya ile ya sebule kwa sentimita 15, ikashuka polepole kuelekea kona moja, ambako tuliacha mfereji wa kupeleka maji kwenye migomba. Migomba ile ndiyo mizuri kuliko yote niliyo nayo.

Kosa nililofanya ni kutaka uzuri kabla ya kazi. Niliamuru sakafu ipigwe niru ing'ae kama ya ndani. Mvua ya kwanza, jirani yangu mmoja aliteleza akakaa chini pamoja na kikapu chake cha mayai. Mayai nililipa. Tukalibomoa tabaka la juu, tukamwaga jingine, na fundi akalipitishia ufagio wa chelewa likiwa bado bichi. Mistari ile ya ufagio hushika mguu, na jua la asubuhi likiipiga kwa upande hupendeza kuliko niru.

Benchi tulilijenga kwa tofali, urefu wa ukuta mzima, kimo cha magoti, kwa sababu hakuna awezaye kuvua buti lililojaa tope akiwa amesimama. Chini yake tuliacha nafasi ya kandambili na mabuti, wazi na yenye mwanga; pembe ya giza hualika nge na nyoka, na kwetu wote wawili hawangoji mwaliko wa pili. Vigingi ni vya mninga, safu mbili: ya juu kwa watu wazima, ya chini kwa watoto. Safu ya chini ilikuwa fikra ya mke wangu. Mtoto asiyefikia kigingi atatupa begi sakafuni mpaka aoe. Majembe na mapanga yana ukuta wao upande wa pili, mbali na mapaja ya wapitao. Baiskeli husimama kwenye ncha ya benchi, gurudumu la mbele limeingia katika ufa mwembamba tuliouacha ndani ya zege. Ukuta tuliupaka rangi ya mafuta ya kahawia mpaka mita moja, na juu yake chokaa nyeupe. Mruko wa tope hauonekani kwenye kahawia, na weupe wa juu unakifanya kibaraza kionekane kikubwa. Pipa la maji ya bati lina mfuniko na kata. Na kwa kuwa tunaishi katika bonde ambalo Waswisi walianzisha kituo cha utafiti wa maradhi pale Ifakara katika miaka ya 1950, na malaria haijawahi kukosa kazi hapa, baadaye niliongeza mlango wa wavu mbele ya ule wa mbao. Unajifunga wenyewe kwa kuvutwa na kipande cha tyubu ya baiskeli. Tyubu hubadilishwa kila mwaka. Hakuna kitu kingine katika nyumba yangu kilichofanya kazi nyingi hivyo kwa bei ndogo hivyo.

Lilibaki la kukwangulia matope. Hapo niliona nimepata jambo la maana. Nyuma ya nyumba ya mama palikuwa na jembe lake la zamani, limelika mpaka limebaki kama kiganja cha mkono. Nililisimamisha kwenye zege la ngazi, ubao wa chuma ukitazama juu, mtu apitishe wayo wa kiatu. Nilijisifu mwenyewe.

Mama alikuja siku hiyo kwa sababu nilimtumia mjukuu wake amwite. Alizunguka kutoka upande wa uani, kama alivyozoea, akakuta tumesimama mbele. Aliliangalia jembe, akainama akaligusa.

"Hili limekununulia sare za shule," akasema. "Nawe umelizika watu walikanyage?"

Sikuwa na la kusema. Siku ya pili fundi alilitoa kwa patasi, taratibu, akaweka kipande cha chuma bapa alichokipata kwa mhunzi. Jembe nililitundika kwenye kigingi cha juu kabisa. Liko hapo hata leo, ingawa mama ametutoka, na wageni wanaoniuliza ni pambo gani hili huwaeleza kwa kirefu kuliko walivyotaka.

Lakini ile siku ya pili mama alirudi tena, safari hii akitoka shambani moja kwa moja. Mvua ilikuwa imeacha muda mfupi. Alipita mbele. Akaweka kapu kwenye benchi, akatundika jembe lake jipya, akakwangua nyayo kwenye chuma, akakaa. Binti yangu akamchotea maji kwa kata, akamwagia miguu mpaka yale meusi yakageuka ya kahawia, kisha meupe, yakashuka kwenye mfereji kwenda kwenye migomba. Mama hakuwa na haraka. Alisugua kila kidole. Akauliza habari za mpunga wa jirani, akalalamikia ndege, akamwuliza mjukuu wake mambo ya shule. Nikadhani atakaa hapo hapo, na kwamba nimejenga mahali pazuri zaidi pa kumwacha nje.

Kisha akashika ukuta, akainuka, akapiga hodi.

"Karibu, mama," mke wangu akasema kutoka ndani.

Alipanda, akaivuka sebule mpaka kwenye kochi la dirishani, akiacha nyayo za maji juu ya ule wekundu, moja baada ya nyingine, na vidole vyote vitano vinaonekana. Mke wangu aliinuka kwenda kuchukua dekio. Nikamshika mkono, akakaa. Zilikauka zenyewe.