Mizani na Mkazo

Wako waulizao: yatufaa nini kuhangaika na wimbo wa Mzungu wa zamani, hali ngoma zetu zingali hai? Swali hilo tuliulizwa na mzee mwenzetu jioni moja, tulipokuwa tukitoka mazoezini. Siku ile hatukuwa na jibu. Leo tunalo, wala si sisi tuliolivumbua.

Wimbo wenyewe ulikuwa Haleluya, sehemu ya utungo mkubwa uitwao Messiah. Mtungaji wake, George Frideric Handel, alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685, akahamia London, na huko mwaka 1741 akautunga utungo huo kwa siku 24 hivi. Uliimbwa kwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili, 1742. Basi hata kwa Waingereza, maneno yalikuwa ya lugha yao, lakini muziki ulitoka kwa mhamiaji.

Kwaya yetu haikuwa na bingwa. Walikuwamo makarani, wauguzi, fundi cherahani na mama muuza vitumbua. Wengi walisoma do-re-mi iliyoandikwa ubaoni kwa chaki. Kila sauti ilifunzwa peke yake, ya kwanza hadi ya nne, kisha zikakutanishwa. Nasi, kwa kuwa twajulikana kuwa watunzi wa mashairi, tukapewa kazi ya kuyatia maneno katika Kiswahili.

Tulijiona hodari. Aliyezoea kupima mizani 16 katika kila mstari atashindwaje kuhesabu silabi? Mahali palipokuwa na neno la Kiingereza la silabi moja, sisi tulikuwa na “mfalme”, silabi tatu: m-fal-me. Tukaigawa nota ile ndefu vipande vitatu, hesabu ikatimia. Lakini kwaya ilipoimba, pigo zito liliangukia “m”, na neno likavunjika. Mama muuza vitumbua akasema, “Mzee, huyu mfalme mbona tunamkanyaga kichwa?” Watu wakacheka, sisi tukainamisha macho.

Alisema kweli. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mizani tuliihesabu, mkazo tukausahau. Usiku ule tulisahihisha: “m” ikatangulia pigo, “fal” ikalishika, neno likasimama. Mazoezi yaliyofuata, waimbaji wa sauti ya nne, ambao hapo awali walikuwa wakijikokota, waliimba kana kwamba wimbo ule ulitungwa kwa ajili yao.

Hilo ndilo jibu letu: wimbo wa kigeni ulitufunza lugha yetu. Hayati Mwalimu Nyerere, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitutaka tufufue mila zetu zilizo bora, na papo hapo akaonya kwamba taifa likatalo kujifunza kwa wengine ni taifa la wajinga. Wimbo wetu wa Taifa ni ushahidi. Muziki wake ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule huko Afrika Kusini. Maneno ya Kiswahili yameufanya kuwa wetu.

Kwa hiyo, ndugu walimu na wanafunzi, kabla ya kuimba wimbo wa kigeni kwa Kiswahili, yasemeni kwanza maneno yake bila muziki, mkipiga makofi penye mkazo. Na akitokea muuza vitumbua akawakosoa, msikilizeni. Lugha ni yake pia.