Mtoto Akililia Wembe

Naandika kutoka Mloka, kijiji kilichopo kando ya mto Rufiji, karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Safari hii sikuja na swali la vina wala mizani. Nimekuja na kisu.

Katika likizo ya mwezi wa Juni mjukuu wangu wa miaka 12 alitoka Dar es Salaam kuja kukaa nami. Asubuhi ya pili, baada ya kuniamkia, aliomba simu yangu, akatafuta kidogo, kisha akanionyesha picha. Kilikuwa kisu kirefu kama mkono wake kutoka kiwiko hadi kiganja, cheusi, chenye meno ya msumeno mgongoni na dira kwenye kitako cha mpini. Nilikitambua mara moja. Ni kile kisu cha sinema za Rambo, jina ambalo Watanzania tulilipenda hata tukaipa mifuko ya plastiki, mpaka mifuko yenyewe ilipopigwa marufuku mwaka 2019.

“Babu, ninunulie hiki. Nataka kujifunza kuishi porini.”

Jibu lilinitoka kabla sijafikiri: “Mtoto akililia wembe, mpe.”

Akaruka kwa furaha. Alidhani nimekubali.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Methali ile niliifundisha darasani kwa zaidi ya miaka 30. Nilikuwa nikiandika ubaoni maelezo ambayo sote twayajua: mkaidi aachwe apate anachokitaka, akiumia atakoma. Mjukuu wangu hakusikia tishio lile hata kidogo. Alisikia maneno tu, na maneno yenyewe, ukiyasikiliza bila mwalimu kusimama kando yake, ni ahadi. Mtoto ameomba, mpe.

Kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto kina kovu, na kiungo chake cha mwisho hakikunji. Nilipata jeraha hilo nikiwa na umri kama wa mjukuu wangu. Familia zetu zilikuwa zimehamishiwa kwenye vijiji vya nchi ya juu katika Operesheni Rufiji ya mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini mashamba ya mpunga yalibaki bondeni. Msimu wa kulinda ulipofika tulihamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, tukifukuza ndege mchana, na nguruwe na viboko usiku. Huko nilimsumbua baba kwa siku nyingi anipe kisu. Siku moja alichoka. Akanitupia kisu cha jikoni kilichokwisha makali, akaitamka methali, akashuka ngazi kwenda kutazama mitego yake ya samaki.

Nilikuwa nachonga kijiti cha mkwaju, mti mgumu. Kisu kilikuwa butu, hivyo hakikula mti, kiliteleza. Nikaongeza nguvu, kikateleza kwa nguvu ileile niliyoiongeza, kikaishia kidoleni. Nilikizungushia kidole kipande cha kanga ya mama, nikakificha hadi siku ya tatu, kwa kuwa nilijua nitakaloambiwa. Kilipofunguliwa kilikuwa kimevimba na kutunga usaha.

Kwa kadiri ya maelezo niliyokuwa nikiyaandika ubaoni, siku ile nilipaswa kujifunza. Kweli nilijifunza mambo mawili: kuogopa kisu na kuficha jeraha. Kukitumia kisu sikujifunza mpaka nilipokuwa mtu mzima. Wala simlaumu marehemu baba yangu. Alikuwa na shamba la kulinda na watoto wa kulisha, na methali aliirithi kama ilivyo. Lakini methali imesema mpe. Haikusema mpe kisha uondoke.

Basi nilimwambia mjukuu wangu: “Kisu hakichaguliwi kwa picha. Huchaguliwa kwa vitenzi. Niandikie kila kitenzi utakachokifanya huko porini, ndipo tutajua ni kisu gani.”

Jioni aliniletea daftari. Lilikuwa na kitenzi kimoja: kukata.

Sikumlaumu. Kukata kwetu kumebebeshwa mzigo mkubwa. Twakata tamaa, twakata shauri, twakata rufaa, twakata tiketi, twakata kiu, na chuma hakipo popote. Lakini lugha inapokutana na chuma chenyewe huwa makini zaidi. Tuliketi mkekani tukaanza kuhesabu. Majani hufyekwa. Kuni huchanjwa. Mti huchongwa, na ncha yake huchongolewa. Ukindu huchanwa kabla ya kusukwa ukili. Embe humenywa. Samaki hutumbuliwa. Mnyama huchinjwa, kisha huchunwa.

Halafu nikamwonyesha kwamba vitenzi hivi vina wenyewe. Anayefyeka hushika panga, anayechanja hushika shoka, anayevuna hushika mundu. Mgema hupanda mnazi na kotama yake iliyopinda. Jambia huvaliwa kiunoni kwa heshima na utambulisho, na mwenye kulivaa huweza kuishi maisha yake yote bila kulichomoa kwa hasira. Kijembe nacho, kilichokuwa chombo cha kuchanjia ngozi ya mtu anayeumikwa chuku, kimehamia kwenye ulimi, na siku hizi hupigwa na watu wasiowahi kukiona. Wazee hawakutoa majina haya kwa urembo. Kila jina lilitolewa kwa sababu kazi moja ilikataa chombo cha kazi nyingine.

Tulipoondoa kazi za panga na shoka, na kazi za kuchinja na kuchuna ambazo si za mtoto, tukabaki na vitenzi sita: kuchonga, kuchongoa, kuchana, kumenya, kutumbua na kukata kamba. Mjukuu alilitazama daftari kwa masikitiko.

“Na mamba je, babu?”

“Mamba wa Rufiji hatishwi na kisu. Dawa ya mamba ni kutokaa ukingoni mwa mto, na dawa ya kiboko ni kutosimama kati yake na maji. Hivyo ni vitenzi vya miguu, si vya mkono.”

Vitenzi sita vile vilituchagulia kisu chenyewe. Kazi zote hizo hufanywa karibu na mwili, kwa sehemu ndogo ya makali, kwa hiyo bapa la sentimita 9 au 10, takriban upana wa kiganja cha mtu mzima, linatosha. Bapa likizidi hapo, ncha huwa mbali na mkono, na ncha iliyo mbali haitii. Unene wa milimita 3 hivi unatosha pia, kwani bapa nene sana hupasua mahali pa kukata kama kabari. Meno ya msumeno mgongoni ndiyo hasara kubwa kuliko zote: yanamnyima mtumiaji mahali pa kuweka kidole gumba anapotaka kusukuma taratibu. Hata mafundi wa Mora, mji wa Sweden uliojijengea jina kwa visu vya kazi, hutengeneza visu vifupi visivyo na madoido, na nchi yao ina misitu ya kutosha kuwa wanajua wanachokifanya.

Kisha mpini. Kiswahili humtaja mwenye mamlaka kuwa ameshika mpini na mnyonge kuwa ameshika makali, kwa hiyo haifai kuuchukulia mpini kuwa ni kishikizo tu. Mpini wa mviringo kamili kama mchi huzunguka mkononi bila wewe kujua. Mpini mzuri una umbo la yai lililobanwa kidogo, ili kiganja kijue makali yameelekea wapi hata gizani. Mbele uwe na uvimbe mdogo wa kuzuia vidole visiteleze kwenda kwenye makali. Na chuma cha bapa kipite ndani ya mpini hadi mwisho wake, kwa maana kisu ambacho chuma chake kinaishia njiani ndicho huvunjika siku ya haja. Zaidi ya yote, mpini ulingane na mkono wa mwenyewe. Mkono wa mtoto ni mdogo. Ukimpa mpini wa mtu mzima umempa chombo asichoweza kukitawala.

Mwisho ni chuma. Neno letu la zamani la chuma kigumu ni pua, ingawa vijana wakisikia “chuma cha pua” huigusa ile ya usoni. Madukani siku hizi jina hilo hutumika hasa kwa chuma kisichoshika kutu, cha aina ile ambayo Harry Brearley aliitengeneza Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Ni chuma kizuri kwa mtu wa pwani na wa mtoni. Hata hivyo nilimchagulia mjukuu chuma cha kawaida chenye kaboni, kile kinachoshika kutu. Hunoleka upesi kwenye kinoo cha jiwe, na kinamdai mwenyewe akifute na kukipaka mafuta kila jioni. Katika unyevu wa bonde hili, ukikisahau usiku mmoja, asubuhi kitakuonyesha madoa ya kahawia. Kwa mtu anayeanza, nilitaka chombo kinachosema kinapopuuzwa.

Tulikwenda kwa fundi mhunzi ambaye hufua visu kwa springi za magari mabovu. Mjukuu alisimama tangu mwanzo hadi mwisho: mvukuto ukipuliza, chuma kikiwa chekundu, nyundo ikishuka kwenye fuawe. Kilipokwisha umbo, kilipashwa tena na kuchovywa katika mafuta. Mtoto alidhani kazi imekwisha. Fundi akamwambia kuwa chuma kilichochovywa tu ni kigumu, lakini ukikiangusha huvunjika kama kioo; lazima kirudishwe motoni kwa upole ili ugumu upungue kidogo na ustahimilivu uingie. Niliyaweka maneno hayo moyoni, kwa kuwa nimewahi kufundisha watoto waliochovywa tu.

Fundi alitia mpini wa mninga, na ala ya ngozi inayokibana kisu hata ikigeuzwa juu chini. Kabla ya kulipa nilimfundisha mnunuzi mwenzangu ukaguzi: tazama makali kutoka ncha hadi mpini kama yamenyooka, gonga bapa kwa ukucha usikilize kama kuna kitu kinachocheza ndani ya mpini, kishike macho yamefumbwa useme makali yako upande gani.

Nyumbani nilimpa kisu kwa mkono wa kulia, mpini ukimwelekea yeye. Masharti yalikuwa machache. Kata ukiwa umeketi, kuelekea mbali na mwili. Nyoosha mkono pande zote kwanza. Ukimgusa mtu, hapo si mahali pa kukatia. Ukiinuka, kisu kirudi alani. Usikipeleke shuleni, uwanjani wala safarini kwenye basi. Mti ulio hai usiuchonge kwa kujifurahisha, na ndani ya hifadhi usikate hata tawi.

Kisha nikafanya jambo ambalo methali haikulitaja. Nilivuta kigoda nikakaa kando yake. Kusema kweli lilikuwa gumu kuliko kununua kisu. Kila kipande cha mti kilichoruka kilinirukisha moyo, na mara mbili mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kwenda kukinyang’anya. Nikaurudisha.

Siku ya nne alijikata. Lilikuwa jeraha dogo juu ya gumba, alipokuwa akimenya embe bichi. Nilimwona akilitazama, nikangoja.

“Babu,” akasema, akaninyooshea mkono, “nimejikata.”

Tuliosha kwa maji na sabuni, tukafunga kitambaa safi. Nilimwuliza kosa lilikuwa wapi. Akafikiri, akasema kisu kilikuwa kimepungua makali, naye akaongeza nguvu badala ya kukinoa. Yale ambayo mimi niliyafahamu baada ya miaka mingi, yeye aliyasema kabla damu haijakauka. Nikalitazama kovu langu, nikaikumbuka ile kanga ya mama.

Amerudi mjini. Kisu kimebaki Mloka kwenye kasha langu, kimefutwa na kupakwa mafuta, kwa sababu mjini hakina kitenzi. Nami sasa, endapo ningerudi darasani, ningeifundisha methali ile kwa namna nyingine: mtoto akililia wembe, mpe, lakini mpe ulionolewa, na usiondoke.

Najua wasomaji wa ukurasa huu hawatoki mikono mitupu, basi nawaachia ubeti mmoja niliomwandikia mwenye kisu. Nanyi nawaomba mnitajie majina ya visu vya kwenu pamoja na vitenzi vyake, maana naamini vipo vingi ambavyo kamusi haijavigusa.

Kisu kiweke alani, si kitu cha kuchezea,
Kifikapo mkononi, kazi iwe yangojea,
Kinoe kila jioni, kutu isije enea,
Kovu langu la chandani, limekwisha kuongea.