Kibaba, Kisaga na Pishi

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, hata imefika pahala hatuisikii tena. Ni methali ya kujumlisha: anayetia punje leo na punje kesho, kibaba chake kitajaa siku moja, na hasara yake ni kuchelewa tu. Lakini katika pakacha lile lile la vipimo alimotoa mhenga kibaba chake mna elimu nyengine, ambayo methali haikuigusa. Vibaba viwili ni kisaga. Visaga viwili ni pishi. Hapo hatutii tena haba juu ya haba, bali tunakwenda maradufu juu ya maradufu, na mwendo huo haufanani hata kidogo na ule wa kwanza. Juu ya mwendo huo wa pili ndipo ninapotaka kuandika, na juu ya lugha tuliyopewa ya kuuhesabu.

Katika mazungumzo ya kila siku, kipeo ni upeo wa jambo, mwisho wake wa juu. Msemaji hodari husifiwa kuwa amefika kipeo cha ufasaha. Katika hisabati, kipeo ni tarakimu ndogo inayokaa begani mwa namba nyengine na kutuambia hiyo namba iandikwe mara ngapi katika kuzidishwa kwa yenyewe. Namba 2 kwa kipeo cha 3 ni 2 mara 2 mara 2, yaani 8. Kipeo kina ndugu yake aitwaye kipeuo, anayerudi njia ile ile kinyumenyume: kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Irabu moja tu inawatenga ndugu wawili hao, na sisi tuliosoma hesabu za msingi kwa Kiswahili tuligombana sana juu ya irabu hiyo. Lakini mtoto hagombanii irabu ya neno asilolijua maana yake. Tuligombana kwa sababu tulikuwa tumefahamu.

Tulipoingia sekondari lugha ikabadilika, na hisabati zikaja kwa Kiingereza. Namba zilikuwa zile zile, na ishara zile zile, lakini maneno yaliyozichukua yalikuwa mageni, na wengi wetu tukaanza kukariri. Jambo lililotukwamisha mapema kabisa lilikuwa kanuni isemayo kwamba namba yoyote isiyokuwa sifuri, ikiwekewa kipeo cha sifuri, jawabu yake ni moja. Tuliinakili. Hakuna aliyeiamini. Ikiwa namba haikuzidishwa hata mara moja, tuliulizana wakati wa mapumziko, basi hiyo moja imetoka wapi?

Mwalimu wetu alitakiwa na kanuni za skuli asiseme Kiswahili ndani ya kipindi. Siku ile alikwenda akafunga mlango, akarudi, akatuuliza kwa sauti ya chini: "Kisaga ni vibaba vingapi?" Viwili, tulijibu. "Na pishi?" Vinne. Akaandika ubaoni pishi, kisaga, kibaba, kimoja chini ya chengine. Pishi, akasema, ni kibaba kilichofanywa maradufu mara mbili; kisaga ni kibaba kilichofanywa maradufu mara moja. Jee, kibaba ambacho hakijafanywa maradufu hata mara moja ni kiasi gani? Darasa zima lilicheka. Ni kibaba, kimoja, kama kilivyo. Kipeo cha sifuri hakikutoa kitu mkononi mwetu. Kilituambia tu kwamba safari haijaanza.

Kisha akateremka chini ya kibaba. Nusu kibaba ni hatua moja nyuma, robo kibaba ni hatua mbili nyuma. Na hivyo ndivyo vipeo hasi, ambavyo kitabu kilikuwa kimevizungushia maneno mengi. Miaka baadaye nilisoma kwamba as-Samaw'al, mwanahisabati aliyezaliwa Baghdad katika karne ya 12, alivipanga vipeo katika safu iliyokuwa na moja katikati, upande mmoja vinavyokua na upande wa pili visehemu vinavyopungua, akaonyesha kuwa kuzidisha vipeo ni kuhesabu hatua juu ya safu ile. Mwalimu wetu alikuwa ametuchorea safu hiyo hiyo kwa mchele na choroko.

Kutoka hapo kufikia logarithimu ni kuligeuza suali tu. Kipeo huuliza: ukifanya maradufu mara tano, utapata nini? Logarithimu huuliza: umepata 32, ulifanya maradufu mara ngapi? Hilo ndilo suali zima. Na siri yake ni kwamba hatua hujumlishwa pale ambapo namba zenyewe huzidishwa. Vinne ni hatua mbili na vinane ni hatua tatu. 4 mara 8 ni hatua tano, nazo hutufikisha kwenye 32. Anayejua hatua haimlazimu kuzidisha.

Bwana mmoja wa Uskochi, John Napier, aliifanyia kazi siri hiyo kwa muda wa miaka ishirini hivi, na mwaka 1614 akachapisha kitabu chake cha majedwali mjini Edinburgh. Mwaka uliofuata Henry Briggs, mwalimu wa London, alifunga safari kwenda kumwona, na wakakubaliana kwamba ingefaa zaidi hatua zihesabiwe kwa makumi: logarithimu ya 1 iwe sifuri, na ya 10 iwe moja. Majedwali ya Briggs ya 1624 ndiyo babu wa vile vijitabu vya tarakimu nne tulivyogawana skuli, kimoja kwa wanafunzi watatu, kurasa zake zimelainika kama kitambaa. Humo logarithimu ya 2 ni 0.3010 na ya 3 ni 0.4771. Zijumlishe upate 0.7781, kisha uitafute ya 6: kijitabu kinasema 0.7782. Tofauti hiyo ya mwisho haikuwa kosa la mchapaji. Namba hizi hazina mwisho, na kila moja imekatwa ili ienee katika safu yake.

Miongoni mwetu alikuwamo binti wa ami yangu. Mama yake aliuza nafaka barazani kwa vibaba, na yeye tangu udogoni alikuwa akitaja bei ya pishi tatu na kisaga kabla mnunuzi hajafungua mkoba. Hesabu za msingi alinishinda kila mwaka. Sekondari alinyamaza. Siku ya kibaba na kisaga alikuwa hayupo, na mwalimu hakuthubutu kufunga mlango mara ya pili. Katika mtihani wa mwisho alikuwa na majedwali mbele yake na akili ya kuyatumia, lakini suali lilimtaka kwa Kiingereza afanye jambo ambalo hakujua ni lipi. Alifeli, akarudi kwao pwani, akaolewa, na zao la mwani lilipoenea akawa mkulima wa mwani pamoja na wanawake wenzake.

Ni yeye aliyenirejesha kwenye majedwali hayo. Mtu mmoja alifika kijijini akitaka kuwakopesha wakulima wa mwani kwa kumi katika mia kila mwezi, na ambaye hakulipa, ile kumi iingie ndani ya deni. Kwamba riba ni haramu walilijua wote, lakini mkopeshaji hakuiita riba. Aliiita gharama za huduma. Na kumi katika mia ni kitu gani? Wenzake walipiga hesabu kwamba deni lisilolipwa lingefika maradufu baada ya miezi kumi, kwani kumi mara kumi ni mia. Hiyo ni hesabu ya haba na haba. Yeye hakuridhika, akanijia mjini. "Kaka," akaniuliza, "hili deni litakuwa maradufu baada ya miezi mingapi? Mimi naona haifiki kumi."

Nilimtazama kwa muda. Bila ya kulijua jina lake, alikuwa ameuliza suali la logarithimu kwa ukamilifu wake. Nikamweleza hatua za kibaba na pishi, naye akazidaka kabla sijamaliza. Tukafungua kijitabu. Logarithimu ya 2 ni 0.3010, ya 1.1, ambayo ni mwendo wa deni kwa mwezi mmoja, ni 0.0414. Ya kwanza ikigawiwa kwa ya pili hutoa 7 na robo hivi. Hakutaka kukiamini kijitabu kitupu, akachukua kalamu: shilingi 100,000 huwa 110,000, kisha 121,000, kisha 133,100, na mwezi wa saba 194,872. Mwezi wa nane ni 214,359. Akauliza tena, na mara kumi jee? Hapo hapahitaji kalamu ndefu: logarithimu ya 10 ni moja, na moja ikigawiwa kwa 0.0414 ni 24 na kidogo. Kabla ya mwezi wa 25 kumalizika, laki ingekuwa imepita milioni.

Alirudi kijijini na karatasi ile. Wenzake wawili walikuwa wamekwisha kutia saini, waliosalia hawakutia. Kabla hajaondoka alinambia, bila ya hasira, "Kumbe ndiyo haya tu?" Sikuwa na la kumjibu.

Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Hoja iliyotolewa aghalabu ni kwamba mtoto akiizoea lugha hiyo mapema, sekondari haitamshtua. Na hoja hiyo si ya kubezwa, kwani mshtuko niliousimulia hapa ni wa kweli. Lakini dawa yake inamnyang'anya mtoto ile miaka ambayo sisi tuliweza kugombania kipeo na kipeuo tukijua tunachogombania. Anazoea maneno. Suali lenyewe, la mara ngapi, atalikuta lini?

Nami sisemi Kiingereza kifungiwe mlango. Nakumbusha tu jambo moja katika historia ya majedwali hayo. Napier hakukiandika kitabu chake kwa Kiingereza. Alikiandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya wa zama zake. Waingereza hawakuwaambia mabaharia wao wakajifunze Kilatini kwanza. Edward Wright, mjuzi wa elimu ya safari za bahari, alikifasiri, na mwaka 1616, miaka miwili tu baada ya kitabu cha asili, tafsiri yake ilichapishwa, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Walijua kwamba nahodha aliye katikati ya bahari anahitaji kuelewa anachohesabu, na kwamba hana wakati wa kungoja.